Waliokuja Kunywa Chai kwa Mzee Kanuti

Mwanangu Prosper,

Sikuulizi hali, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukimaliza bakuli la pili la mtori. Sasa umeshuka Shirimatunda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule tena. Kwa hiyo nina mchana wote. Ukungu umeteremka mpaka kwenye kahawa. Nimefunga dirisha la upande wa mto, nimekaa kwenye meza uliyosomea mitihani yako.

Habari za blanketi, sabuni na kuwaheshimu wakubwa wa kazi, dada yako Yustina ameshakueleza na baba yako amerudia. Siziandiki. Kesho pale stesheni tutakuwa na watu wengi, nami nitashindwa kusema ninalotaka. Ninajijua. Isome barua hii ukishafika Tabora, ukiwa peke yako, mchana.

Unakumbuka siku uliyopigana shuleni ukarudi shati limechanika? Hukuniambia sababu, lakini mwalimu aliniambia. Yule mtoto alikuambia mama yako ni kichaa. Nilikushonea shati, nikakupa ndizi ya kuchoma, nikanyamaza. Wewe ulikuwa ukingoja niseme si kweli. Nilikuona ukingoja.

Niliugua, mwanangu. Ilianza baada ya kukuzaa wewe, miezi ya baridi, ukungu haupandi kutwa nzima. Baba yako alikuwa kazini kwenye mashamba ya miwa kule chini, anarudi mwisho wa mwezi. Nilikuwa ndani kama mzazi anavyokaa, bibi yako akinilisha na kunifunika. Siku moja mchana nilikuwa nimekulaza, nikasikia mama yangu ananiita kutoka migombani. "Ana." Mara moja tu, kama mtu anayeita akijua utatoka. Mama yangu alikuwa akikaa Kirua, na asingekuja bila kutuma mtu. Nilitoka. Migomba ilikuwa inadondosha maji. Hapakuwa na mtu, ila majani ya mgomba mmoja yalikuwa yakicheza, na mengine yote yametulia.

Kesho yake sauti ikaita tena, karibu zaidi. Kila siku ilisogea: mara zizini, mara nyuma ya ukuta wa jikoni. Siku ilipoingia ndani haikuita tena. Ikaanza kusimulia. "Anakoroga uji. Sasa anageuka. Anamtazama mtoto." Kwa sauti ile ile ya mama yangu, taratibu, kama anamweleza kipofu kinachoendelea. Nikiacha kukoroga ilisema, "Ameacha." Baadaye ikaja na wenzake, wakawa wanazungumza juu yangu wao kwa wao. Halafu wakaanza kuniambia mimi mwenyewe, "Wanakuja kukuchukua. Toka nje."

Watu nao walibadilika. Bibi yako aliingia na bakuli la maziwa, na nilijua kwa hakika kwamba huyu aliyevaa uso wake si yeye. Kila kitu kilikuwa sawasawa, hata kovu la kidevuni, na ndiyo sababu niliogopa. Ni nani angejisumbua kiasi hicho?

Sikumwambia mtu. Nilidhani nikisema, watajua kwamba nimewajua.

Bibi yako aliona silali. Aliona nakutazama bila kukushika. Wazee wa ukoo walikaa, mbuzi akachinjwa. Padri naye akaja na maji ya baraka. Siwalaumu, kila mmoja alileta alichokuwa nacho. Mwisho wa mwezi baba yako akarudi, akanitazama muda mrefu, akanipeleka hospitali mjini. Nilipewa vidonge vilivyonikausha mdomo na kunitetemesha mikono, na polepole sauti zikafifia kama redio inayoishiwa betri. Niliporudi nyumbani wewe ulikuwa umeshaanza kukaa. Majirani waliambiwa malaria ilinipanda kichwani. Nasi wenyewe tukaanza kusema hivyo hivyo, hata mezani, hata tukiwa hatuna mgeni.

Ila kuna jambo ambalo hata baba yako sijamwambia. Kimya kile kilinitisha kuliko sauti. Kwa miaka nilichuma kahawa huku sikio moja liko migombani, kama mtu aliyefunga mlango bila kujua kama mgeni kabaki nje au yumo ndani.

Ulikuwa darasa la tatu Balozi Aloisi, kiongozi wa nyumba zetu kumi, alipopita nyumba kwa nyumba. Miaka ile semina zilikuwa nyingi: ya mbolea, ya vyoo, ya kusoma na kuandika. Hii ilikuwa ya afya ya akili na ulevi, kwenye ukumbi wa parokia, na kila nyumba kumi zitoe watu wawili.

"Wewe Mama Yustina unajua kusoma," aliniambia. Hakunitazama usoni, nami nikaelewa kwamba kusoma siyo sababu.

Mtu wa pili alimwandika Mzee Kanuti, na hapo watu walicheka sana. Mzee Kanuti alikuwa dereva wa lori la kahawa, mtu mpole, lakini tangu mkewe afariki alikuwa akianza gongo kabla ya chai. Wakasema balozi hakupeleka mwanafunzi, kapeleka mwalimu.

Mafunzo yaliendeshwa na muuguzi aliyeitwa Dada Tabitha, Mgogo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo iliyotufanya tuache kukohoa ili tumsikie. Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi: mabalozi, wanamgambo, wanawake wanaopika mbege, katekista. Alianza na pombe. Hakutugombeza. Alisema mbege ya arusi ni jambo moja, na mtu asiyeweza kufunga kifungo cha shati mpaka apate glasi ni jambo jingine. Huyo wa pili ni mgonjwa. Akasema kitu ambacho wengi hatukuwa tunakijua, kwamba mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, kuona watu wasiokuwepo, hata kufa. Asifungwe kamba. Apelekwe hospitali.

Katekista alinyoosha mkono. "Lakini dada, haya ya kuona watu si mambo ya shetani?"

"Shetani sijui anakaa wapi, baba," alijibu. "Mgonjwa najua anakaa wapi. Ndiko ninakokwenda."

Mchana akaleta zoezi. Aliweka kiti katikati ya ukumbi. Mtu mmoja akae, wawili wasimame nyuma yake na kumnong'oneza masikioni bila kukoma, mmoja kila sikio, na wa tatu mbele amuulize njia ya kwenda sokoni. Alitaka tuonje jinsi ilivyo kusikia sauti na huku watu wanataka uwajibu. Wa kwanza alikaa mke wa balozi, na tulicheka mpaka machozi, maana alimwelekeza mtu wa soko la Moshi apitie Kahe, mbali kabisa na mji.

Wa pili akakaa Mzee Kanuti. Mikono alikuwa ameibana katikati ya magoti. Dada Tabitha akanionyesha mimi sikio la kushoto. "Sema lolote," aliniambia, "maneno ya kawaida tu."

Nilikuwa nimepanga kumhesabia vitu vya jikoni. Sufuria, mwiko, kinu. Niliinama, na kilichotoka mdomoni mwangu sikuwa nimekipanga. "Amekaa. Sasa anabana mikono. Anatazama mlango. Wanakuja kukuchukua. Toka nje." Na sauti haikuwa yangu, Prosper. Ilikuwa ile ya migombani. Niliisikia ikinitoka kooni, taratibu, nami nikashindwa kuisimamisha.

Aliyekuwa akiuliza njia aliuliza tena. Mzee Kanuti alinyanyua mkono akanishika kiganja, akageuka.

"Umeyajuaje?" aliuliza.

"Yapi, Mzee?"

"Hayo. Ndiyo wanayoniambia kule nyumbani. Hivyo hivyo, kwa mpango huo huo."

Watu walipiga makofi, wakidhani anaigiza. Dada Tabitha peke yake hakupiga. Alisema twende tukanywe chai, kisha akatuchukua sisi wawili nyuma ya ukumbi, penye tangi la maji.

Pale Mzee Kanuti alieleza. Binti yake aliyeolewa Kahe alikuja Jumapili akalia mbele yake, naye akaapa kuacha, na tangu siku ile hajaonja hata tone. Sauti zilianza siku moja kabla ya semina. Mimi nikasema yangu, kwa maneno machache, nikitazama chini. Nikauliza imekuwaje mimi na yeye tusikie maneno yale yale, na ugonjwa wangu na wake ni tofauti, na miaka imepita.

"Nimeyasikia Dodoma," alisema Dada Tabitha. "Nimeyasikia na Tanga. Watu ambao hawajawahi kuonana. Anageuka, anakaa, wanakuja."

"Kwa nini yafanane?" nilimuuliza.

"Hilo nimeuliza wakubwa zangu. Hakuna aliyenijibu nikaridhika."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Watu wote walionihudumia kabla yake walikuwa na majibu. Alimshika Mzee Kanuti mikono, akaitazama inavyotetemeka, akamwambia hiyo si ya kungoja, aende hospitali leo hii. Mzee akaomba apitie nyumbani kufunga mbuzi, akalale kwa balozi, aondoke na lori la alfajiri. Tukamkubalia. Alikuwa anaongea kwa utulivu mno.

Kwa balozi hakufika. Balozi alidhani ameghairi, akakaa. Asubuhi benchi lake lilikuwa wazi, na Dada Tabitha hakuanza somo. Alimchukua balozi na mimi, tukaenda.

Ukungu ulikuwa kama huu wa leo. Mlango wa Mzee Kanuti ulikuwa wazi, moto unawaka, sakafu imefagiwa. Na ndani, mwanangu, kulikuwa na chai. Kila kikombe cha nyumba ile kilikuwa kimejazwa, na vikombe vilipokwisha alitumia mabakuli, na mabakuli yalipokwisha alitumia vibuyu vya mbege. Vilipangwa juu ya meza, juu ya vigoda, chini kuzunguka ukuta mzima, kila kimoja mahali ambapo mtu angekaa. Vyote bado vilikuwa vinatoa mvuke. Kitandani, upande wa marehemu mkewe, kulikuwa na kimoja kilichowekewa kisahani.

Balozi aliondoa kofia. Sijui alimvulia nani.

Tulitoka nyuma. Njia ya kwenda mtoni ilikuwa na nyayo zake tu, lakini hazikukaa katikati; zilipita pembeni kabisa, kwenye majani, kama za mtu anayewaachia wenzake njia. Tukaanza kumsikia kabla hatujamwona. "Piteni. Karibuni, piteni. Marahaba, mwanangu. Pita, mama, angalia hapo panateleza." Alikuwa amesimama kwenye lile gogo linalovuka korongo, katikati yake, mgongo ameugeuzia upande usio na kitu, amejibana ili watu wapite. Kisigino kimoja kilikuwa hewani. Chini ulikuwa unasikika mto, hauonekani.

Balozi alikuwa na kamba. Dada Tabitha alimshika mkono. Akaninong'oneza mimi niende, maana mimi ndiye niliyemzoea. "Usimbishie. Usimkubalie pia. Mwambie wewe ni nani na mko wapi."

Nilikanyaga gogo. "Shikamoo, Mzee Kanuti. Ni mimi Mama Yustina, mke wa Severini. Tuko darajani, juu ya mto."

"Marahaba. Subiri hao wapite kwanza. Wako wengi leo."

Sikuona mtu. Lakini gogo lilikuwa likitikisika chini ya nyayo zangu, tik, tik, kama linavyotikisika watu wanapovuka wamefuatana, na Mzee Kanuti alikuwa amesimama tuli. Baadaye nilijiambia ni miguu yangu mwenyewe iliyokuwa ikitetemeka. Huenda ndivyo. Nilisimama nikangoja, na nikajikuta nami nimejibana pembeni.

"Wananiambia niwafuate," alisema. "Ni adabu kumsindikiza mgeni."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema kitu, na maneno niliyofundishwa yaliisha. Nikasema niliyokuwa nayo. "Mimi siwaoni, Mzee. Lakini niliwahi kuwasikia. Niliwasikia nilipomzaa Prosper, wakaniambia nitoke nje, na kwa miezi nilikuwa kama mfu. Najua wanavyochosha. Njoo ukae."

Nilisema kwa sauti, ili anisikie juu ya mto, na balozi nyuma yangu akanisikia pia. Ile malaria ya kichwani ikaishia pale. Nilidhani nitaona aibu. Nilihisi tu kwamba miguu imepata nguvu.

Mzee Kanuti alinitazama. Ilikuwa kama ananitafuta katikati ya watu wengi. "Kumbe na wewe," alisema. Akanipa mkono, wa baridi kama jiwe la mtoni, tukarudi hatua kwa hatua, naye kila mara akisema samahani kwa watu wa kushoto kwake.

Alianguka kifafa njiani, ndani ya lori, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Dada Tabitha. Daktari alisema angechelewa kidogo tusingemkuta. Alikaa wodini hadi mikono ilipotulia. Alirudi, akakaa bila gongo, akaanguka tena, akarudi tena. Mara ya tatu ndiyo iliyoshika. Unamkumbuka wewe kama yule babu aliyekufundisha kutengeneza gari la mabua. Aliishi miaka mingi akiwa mzima.

Dada Tabitha alipomaliza semina alituachia kazi. Ndiyo ile mikutano ya Alhamisi parokiani, ambayo wewe ulikuwa unaijia kwa ajili ya maandazi. Watu walikuwa hawazungumzi mwanzoni. Mzee Kanuti ndiye aliyekuwa akianza, kila mara na habari ya wale wageni. Siku moja nilimuuliza walikwenda wapi. Akafikiri, akasema waliondoka mmoja mmoja kule wodini, na wa mwisho alimshukuru kwa chai. Hakuwa anatania.

Usifikiri nilikuwa hodari kwa kazi hiyo. Alikuja kijana mmoja mkata miwa, mtu wa mkoa mwingine, akaniambia anasikia mtoto analia ndani ya miwa. Nilikuwa na haraka ya soko. Nilimwambia asali, apumzike, aje Alhamisi. Hakuja, na nilipouliza kambini kwao walisema ameondoka bila kuchukua nguo zake. Jina lake sikumuuliza. Wengine niliwachosha kwa maneno, nikiwaeleza ugonjwa wangu wakati wao walitaka kueleza wao. Nimejifunza kwamba mtu akikuambia anasikia kitu, haji kutaka ujue kama kipo au hakipo. Anataka asibaki nacho peke yake. Hayo tu, na safari ya hospitali, mengine sijui.

Sasa kwa nini nakuandikia. Dada Tabitha aliniambia ugonjwa kama wangu si lazima umfuate mtoto, lakini huweza. Mama yangu alikuwa na dada aliyeingia msituni kuokota kuni akiwa na umri kama wako, asirudi, na kwao hata jina lake halitajwi. Mimi nilikaa miaka nikikuchunguza ulivyolala, ulivyocheka, na hukuwa na lolote. Nikaacha kuchunguza.

Mwezi uliopita mimi na Yustina tulikuwa mferejini tunafua. Wewe ulikuwa unapalilia kahawa. Ukaja mbio, jembe mkononi, ukasema, "Naam, mama? Umeniita?" Nikasema sijakuita. Ukacheka, ukasema labda ni mama wa jirani, ukarudi kazini. Yustina aliendelea kufua. Mimi nilishika shati lako ndani ya maji mpaka vidole vikafa ganzi.

Inawezekana ni jirani kweli. Mlima huu kutwa nzima wanawake wanaita watoto, na ukungu huichukua sauti ukaileta pasipotegemewa. Kila mtu huitwa hivyo mara moja maishani akakuta hakuna mtu. Sijui, Prosper, na siwezi kujifanya ninajua. Ningeweza kukuuliza mezani, lakini nilitazama jinsi ulivyokuwa ukikunja nguo zako za safari kwa furaha, nikaona afadhali ujue yote kwanza, ndipo uamue kama una la kuniambia.

Kama halipo, ichome barua hii upikie chai, ufanye kazi yako ya reli. Kama lipo, usifanye nilivyofanya mimi. Mwambie mtu mchana huo huo, hata kama uso wake unauona si wake. Tafuta hospitali, sema kwamba mama yako aliugua hivi na akapona. Kusema hivyo hakunipunguzii kitu.

Na shika hili moja. Kutoka hapa hadi Tabora ni safari ya treni ya siku kadhaa. Nikikutaka, nitaandika, kwa mwandiko huu unaoujua, au nitamtuma baba yako aje na miguu yake. Sitasimama nje ya nyumba unayolala nikakuita kwa jina. Ukinisikia nje, mwanangu, hata nikiwa nalia, hata nikisema ninaumwa, si mimi. Usitoke.

Mama yako,
Anastazia